Kila "Dunia ya pili" ina swali moja: ina hewa gani?

Habari hii huja mara kadhaa kwa mwaka, na haimalizi siku Nairobi kabla ya kufika kwenye kila kikundi cha WhatsApp: wanasayansi wamegundua sayari "kama Dunia". Juu yake kuna picha ya bahari ya samawati na mawingu meupe. Chini yake maoni yanamiminika: tunahamia lini, kodi ya huko ni pesa ngapi, na kama wanasiasa wetu wanaweza kutangulizwa. Utani mzuri, nami hushiriki. Ila picha ile ni mchoro wa msanii. Hakuna aliyewahi kuona bahari ya sayari yoyote iliyo nje ya mfumo wetu wa jua. Na neno lenyewe, sayari "inayokalika", linabeba mzigo mdogo kuliko tunavyolitwika.

Anayeuza ploti Kitengela huandika kwenye bango: "Kilomita 2 kutoka lami". Huenda ni kweli, lakini hujaambiwa kama kuna maji, kama umeme umefika, kama chini ni ule udongo mweusi unaopasua kuta, wala kama hati ni halali. Mwanaastronomia anaposema sayari fulani imo katika ukanda unaokalika, amekutajia umbali kutoka lami tu. Amesema sayari haiko karibu mno na nyota yake wala mbali mno, hivyo maji yangeweza kubaki maji juu ya uso wake, endapo yapo, na endapo kuna hewa ya kuyatunza. Hizo "endapo" mbili ndizo kazi yote, na ndizo zinazokatwa habari inapofupishwa ikae kwenye kichwa cha gazeti.

Kuna madai matatu hapa, na kila moja lina ushahidi wake. La kwanza: sayari iko mahali panapofaa. La pili: mazingira yake yanaweza kutunza uhai. La tatu: uhai umo. La kwanza tumelithibitisha kwa sayari kadhaa. La pili bado ni mvutano. La tatu halijathibitishwa popote nje ya Dunia.

Tuanze na tunachokijua, na namna tunavyokijua. Kenya ina sayari yake, kwa jina angalau. Mwaka wa 2019 Muungano wa Kimataifa wa Astronomia uliadhimisha miaka 100 kwa kuipa kila nchi nyota moja na sayari moja izipe majina. Kenya ilipewa nyota HD 83443, iliyo umbali wa zaidi ya miaka 130 ya nuru (mwaka wa nuru ni umbali ambao mwanga husafiri kwa mwaka mmoja), ikaiita Kalausi, na sayari yake ikaitwa Buru. Majina yote mawili ni ya Kijaluo, kimbunga cha vumbi na vumbi lenyewe. Buru haijapigwa picha na yeyote. Iligunduliwa mwaka wa 2000 kwa sababu Kalausi inayumba: sayari inapoizunguka nyota, nayo huivuta nyota kidogo huku na huku, na mwanga wa nyota unabadilika rangi kidogo sana kila inapotusogelea na kila inapotuondokea. Kwa kupima mabadiliko hayo unapata kasi ya kuyumba, na kutokana na kasi unakadiria uzito wa sayari. Ndiyo mbinu iliyowapa Michel Mayor na Didier Queloz sayari ya 51 Pegasi b mwaka wa 1995, na baadaye Tuzo ya Nobeli ya mwaka wa 2019.

Buru huizunguka nyota yake kwa siku tatu hivi, kwa hiyo usifikirie kuhamia; ni jitu la gesi lililo karibu na moto. Lakini ndiyo aina ya sayari iliyokuwa rahisi kupatikana mwanzoni, kwa kuwa ni nzito na iko karibu na nyota, hivyo inaitikisa kwa nguvu. Mshtarii hulitikisa jua letu kwa kasi ya mita 12 hivi kwa sekunde. Dunia hulitikisa kwa sentimita 9 kwa sekunde, mwendo wa kobe. Kuipata pacha ya Dunia kwa njia hii ni kazi ambayo vifaa vya leo vinaikaribia tu.

Mbinu ya pili Wakenya waliiona kwa macho. Asubuhi ya tarehe 6 Juni 2012, aliyekuwa na miwani ya kinga aliona jua likichomoza na doa dogo jeusi usoni mwake. Ilikuwa Zuhura inapita kati yetu na jua, na kabla ya saa mbili asubuhi ilikuwa imemaliza kupita. Darubini ya Kepler, iliyofanya kazi tangu 2009 hadi 2018, ilitafuta jambo hilohilo kwa nyota za mbali: mwanga unafifia kidogo, unarudi, kisha unafifia tena baada ya muda uleule. Kwa njia hiyo zilithibitishwa sayari zaidi ya 2,600. Ugumu uko kwenye hesabu. Dunia ikipita mbele ya jua hupunguza mwanga kwa asilimia 0.008 tu. Tena ni lazima mzunguko wa sayari ulingane na mstari wa macho yetu; kwa sayari iliyo umbali kama wetu, bahati hiyo ni kama moja kwa 200. Zilizobaki zipo, ila hazipiti mbele yetu.

Kufikia mwaka wa 2025 sayari zilizothibitishwa zilikuwa zimevuka 6,000. Kwa nyingi kati ya hizo tunajua urefu wa mwaka wake, na ama ukubwa ama uzito. Tukiwa na vyote viwili tunaweza kusema kama ni jiwe au ni gesi. Hapo ndipo orodha huishia, na hapo ndipo mchoraji huchukua brashi.

Sasa kwa nini umbali pekee hautoshi? Nairobi na Mombasa ziko umbali uleule kutoka kwenye jua. Mwezi wa Julai mmoja analala na blanketi mbili, mwingine na feni. Mlima Kenya uko karibu kabisa na ikweta, nao una barafu karibu na kilele chake cha mita 5,199, japo inayeyuka mwaka hadi mwaka. Jua ni lilelile. Tofauti kubwa iko kwenye hewa, nzito huku chini na nyepesi kule juu. Kwa sayari nzima jambo hilo ni kubwa zaidi. Dunia bila gesi zinazonasa joto ingekuwa na wastani wa nyuzi 18 chini ya sufuri. Tuna wastani wa nyuzi 15 kwa sababu ya hewa.

Hewa pia hukandamiza, na hili husahaulika. Maji yanayochemka kwa nyuzi 100 Mombasa huchemka kwa nyuzi 94 hivi Nairobi, na ukipanda hadi Point Lenana yatachemka kwa takriban 84, ndiyo maana maharagwe ya kambini mlimani hayaivi na mpishi hana kosa. Endelea kupunguza mgandamizo na mwisho utafika mahali maji hayawezi kukaa kama maji. Mirihi iko hapo. Hewa yake haifikii asilimia moja ya mgandamizo wetu, kwa hiyo maji yakimwagwa juu ya ardhi yake yatachemka na kuganda badala ya kutulia. Na kwa hesabu nyingi Mirihi imo ndani ya ukanda unaokalika wa jua letu. Ni ndogo, haikuweza kuishikilia hewa yake, na uga wake wa sumaku ulizimika zamani.

Upande wa pili yuko jirani yetu mwingine. Zuhura ina kipenyo cha asilimia 95 ya Dunia. Mtafiti wa nyota nyingine akiipima kwa mbinu zetu angeandika: jiwe, ukubwa wa Dunia, karibu na ukingo wa ukanda, inafaa kuchunguzwa. Huko kuna nyuzi 460 na ushei, joto la kuyeyusha risasi, chini ya blanketi la kaboni dayoksaidi lenye mgandamizo wa mara 90 wa kwetu. Sayari tatu za mawe, jua moja, majibu matatu. Kila ninapoona orodha ya "sayari 10 zinazofanana na Dunia" hujiuliza ngapi humo ni Zuhura.

Ndiyo maana tangu darubini ya James Webb irushwe tarehe 25 Desemba 2021, mjadala umehama kutoka umbali hadi hewa. Sayari inapopita mbele ya nyota, mwanga kidogo hupenya kwenye ukingo wa hewa yake. Kila gesi hufyonza rangi zake maalumu, nyingi zikiwa katika infraredi tusiyoiona, na mwanga ukitufikia unakuwa na mapengo. Soma mapengo, utaijua gesi.

Shabaha iliyotarajiwa sana ni TRAPPIST-1, nyota ndogo nyekundu iliyo umbali wa miaka 40 ya nuru, yenye sayari saba za mawe. Tatu kati yake zimo ukandani. Matokeo ya mwanzo yaliwapoza wengi. Mwaka wa 2023 ilipimwa ile ya ndani kabisa, na upande wake wa mchana ukaonekana kuwa na nyuzi 230 hivi, dalili ya jiwe lililo wazi lisilo na hewa ya kusambaza joto. Ya pili nayo haikuonyesha hewa nzito ya kaboni dayoksaidi. Zilizo ukandani bado zinachunguzwa, na tatizo ni nyota yenyewe: ina madoa, na madoa yake huacha alama kwenye mwanga zinazofanana na alama za hewa.

Tatizo hilo si la TRAPPIST-1 peke yake. Takriban robo tatu ya nyota zote ni vibete vyekundu kama hiyo, na sayari zake ndizo rahisi kupimwa. Lakini kwa kuwa nyota ni baridi, ukanda wake uko karibu sana nayo. Sayari ya karibu hivyo mara nyingi huonyesha nyota upande mmoja daima, mchana usiokwisha huku na usiku usiokwisha kule, na nyota hizi ujanani hulipuka milipuko ya miale inayoweza kuipeperusha hewa yote. Swali kubwa la miaka hii, kwa maoni yangu kubwa kuliko la viumbe wenyewe, ni kama sayari za vibete vyekundu hubaki na hewa. Jibu likiwa hapana, sehemu kubwa ya "Dunia za pili" tulizotangaziwa inafutika kwa mkupuo mmoja.

Halafu kuna K2-18b. Hii ndiyo iliyosambaa zaidi Aprili 2025, na inastahili kutazamwa kwa karibu. Iko katika kundinyota la Simba, umbali wa miaka 124 ya nuru, ina uzito wa mara 8 na zaidi ya Dunia, na mwaka wake ni siku 33. Mwaka wa 2023 Webb iliona methani na kaboni dayoksaidi katika hewa yake, na hilo halina ubishi mkubwa. Mwaka wa 2025 kundi la Nikku Madhusudhan wa Chuo Kikuu cha Cambridge likatangaza dalili za dimethili salfaidi, au ndugu yake wa karibu. Gesi hii unaijua hata kama hujui jina lake: ukishuka SGR Mombasa na kufika ufukweni, sehemu ya ile harufu ya bahari inatokana nayo. Hapa Duniani hutolewa hasa na planktoni, viumbe vidogo sana wanaoelea baharini. Kwa hiyo hesabu ya haraka ikawa: gesi ya planktoni, basi kuna planktoni.

Kuna mashimo manne kati ya sentensi hizo mbili. Dalili yenyewe ilikuwa na uwezekano wa takriban tatu kwa elfu wa kuwa kelele tu za takwimu. Kwa mtu wa kawaida hiyo ni karibu uhakika, lakini fizikia hudai chini ya moja kwa milioni, na ina sababu: ukijaribu molekuli nyingi kwenye mstari mmoja wa data unaoyumbayumba, kuna moja itakayokaa kwa bahati. Makundi mengine yalipochambua data ileile kwa njia tofauti, dalili ilinywea. Isitoshe, gesi hiyo imeonekana kwenye nyota-mkia 67P, mahali ambapo hakuna anayedai kuna planktoni, na imetengenezwa maabara bila kiumbe chochote. La nne ni kwamba hatuna hakika kama K2-18b ina bahari. Inaweza kuwa Neptuni ndogo, yaani hewa nzito ya haidrojeni hadi ndani, bila ufukwe wa kunukia. Makala ya kisayansi yenyewe ilikuwa na tahadhari zake. Vichwa vya habari havikuwa nazo.

Utauliza, basi si tutafute oksijeni? Oksijeni ni shahidi mzuri, ila inaweza kudanganya pande zote mbili. Miale ya urujuanimno huweza kuvunja mvuke wa maji, haidrojeni ikatoroka angani na oksijeni ikabaki, bila hata jani moja. Na kinyume chake ni sisi wenyewe: Dunia ina dalili za uhai za miaka bilioni 3.5, lakini oksijeni ilianza kujaa hewani miaka bilioni 2.4 hivi iliyopita. Mgeni aliyetupima kabla ya hapo angeandika "tupu" na kuendelea na safari.

Kinachopewa uzito zaidi ni gesi zisizoelewana kukaa pamoja. Desemba 1990 chombo cha Galileo, kikielekea Mshtarii, kilipita karibu na Dunia, na Carl Sagan na wenzake wakaitumia nafasi hiyo kuuliza swali la kitoto: tukijifanya hatujui, tunaweza kugundua uhai Duniani? Walipata oksijeni tele pamoja na methani. Hizi mbili huangamizana. Zikionekana pamoja, kuna kitu kinachozijaza kila siku. Walipata pia namna mimea inavyorudisha mwanga, na mawimbi ya redio. Jibu lilikuwa ndiyo, lakini kwa kuunganisha mashahidi, na hata hapo redio ndiyo pekee iliyoonyesha kuwa kuna viumbe wanaojua mambo. Kusikiliza mawimbi ya redio kutoka nyota nyingine, kulikoanza na mwanaastronomia Frank Drake mwaka wa 1960 na sasa kunatumia hata madishi 64 ya darubini ya redio ya MeerKAT kule Afrika Kusini, nakupita haraka kwa sababu ripoti yake ni fupi: hakuna kilichothibitishwa.

Afadhali tushuke Magadi. Toka Nairobi kupitia Rongai na Kiserian, teremka Bonde la Ufa hadi joto likukamate shingoni, na utafika kwenye ziwa ambalo kwa sehemu kubwa ni ganda jeupe, mahali pengine waridi. Ganda hilo ndilo magadi, jamaa ya yale tunayotia kwenye githeri na mboga za kienyeji. Maji yake yana pH (kipimo cha asidi na alkali) ya 10 hivi, makali ya kuwasha ngozi. Rangi ya waridi ni viumbe: vijidudu waitwao arkea, wanaopenda chumvi na magadi, na mmoja wao, Natrialba magadii, amebeba jina la ziwa. Kando ya chemchemi za moto utaona vijisamaki wadogo, tilapia wa Magadi, wakiogelea katika maji ya nyuzi 40 na zaidi. Samaki wa kawaida hutoa amonia kupitia mashavu. Katika maji haya amonia isingetoka, ingemuua, kwa hiyo huyu hutoa urea, kama wewe na mimi.

Ni rahisi kusema: basi, uhai unaweza kuwa popote. Taratibu. Samaki yule ana wazee walioishi ziwani humu maji yakiwa mengi na matamu zaidi. Ukali ulipozidi, wao wakabadilika polepole. Anathibitisha uhai ukishaanza hunyumbulika kiasi gani. Hathibitishi kwamba unaweza kuanzia hapo.

Lakini maziwa ya magadi yana jambo jingine. Uhai unahitaji fosforasi, kwa DNA na mengineyo, na kwenye maji ya kawaida kalsiamu huinasa fosforasi ikawa jiwe. Mwaka wa 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington walionyesha kwamba katika maziwa yenye kaboneti nyingi, kaboneti huinasa kalsiamu kwanza, na fosforasi inabaki huru majini. Magadi ilikuwa kati ya mifano yao. Kisha mwaka wa 2023, data ya Cassini, chombo kilichoizunguka sayari ya Zohali, ikaonyesha fosfati katika chembe za barafu zinazorushwa na Enceladus, mwezi wa Zohali wenye kipenyo cha kilomita 500 hivi. Chini ya barafu yake kuna bahari, na kemia ya bahari hiyo ni ya magadi, yenye fosfati angalau mara 100 ya bahari zetu. Cassini ilikwishaona haidrojeni humo pia, chakula cha vijidudu vingi vya kilindini. Enceladus iko nje kabisa ya ukanda unaokalika. Kwa kipimo cha lami, ingetupwa siku ya kwanza.

Kwangu mimi hapo ndipo ushahidi wa kwanza utapatikana, karibu na nyumbani, mahali unapoweza kushika kitu mkononi. Mirihi nayo ina mgombea: jiwe lililokutwa na gari la Perseverance mwaka wa 2024, lenye madoa kama ya chui, na madini ambayo Duniani mara nyingi huhusishwa na vijidudu. Sampuli ilichukuliwa. Kuileta maabara ndiko kugumu. Mpango huo ulikadiriwa kufikia dola bilioni 11, NASA ikaurudisha mezani.

Chombo cha Europa Clipper kiliondoka tarehe 14 Oktoba 2024 na kitafika kwenye Mshtarii mwaka wa 2030, kipite mara kadhaa karibu na mwezi wa Europa na bahari yake iliyofunikwa na barafu. Kikifika, tegemea vikundi vya WhatsApp kujaa tena. Kazi kiliyopewa ni kupima unene wa barafu, chumvi ya maji na kemia yake, yaani lile dai la pili. Kifaa cha kutafuta uhai wenyewe hakikubebwa.